Shetri ya Mzee Shaba

Ngo. Ngo. Kimya kidogo. Ngo.

Hakujapambazuka bado niliposikia sauti hiyo jikoni, nikajua mume wangu ameamka. Alikuwa akigonga sufuria kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, sikio ameliinamisha. Alipomaliza sufuria alihamia pipa la maji, kisha mlango wa bati wa uani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa meli. Aligonga mabati kwa nyundo ndogo na kusikiliza wapi chuma ni kizima na wapi kutu imekula kwa ndani. Siku hizi amesahau mengi, lakini mkono wake haujasahau.

"Hii imechoka," aliniambia nilipoingia, akinionesha sufuria ya maziwa. "Isiende baharini."

"Haiendi popote. Kaa nikupe chai."

"Kwani wewe ni nani, unayenipa chai?"

"Mimi ni mkeo."

Alinitazama kwa adabu, kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Basi nilichagua vizuri," akasema, akavuta kiti.

Kuna siku ananiita kwa jina la dada yake. Sikasiriki. Dada yake alikuwa mtu mwema, na alinisaidia sana nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi Kidole, mwanafunzi wa zamani wa mume wangu, alikuja kututembelea. Kwa kawaida nilimngoja kwa furaha. Jumamosi hiyo nilichemsha chai moyo ukiwa mzito, na ili mnielewe ni lazima kwanza niseme tulikotoka.

Mimi na mume wangu tulifanya kazi katika ofisi iliyozipa meli daraja la ubora. Ofisi ile haikujenga meli wala haikuwa na meli hata moja. Kazi yake ilikuwa kuzipima. Mjenzi analeta michoro yake yote, kuanzia mkuku ulio chini kabisa hadi ncha ya mlingoti. Wakaguzi wanaisoma, wanapiga hesabu, kisha wanakwenda kiwandani kutazama kila mshono wa kuchomelea. Wakiridhika, meli inapewa cheti cha daraja. Bila cheti hicho watu wa bima hawaigusi, na bandari zinaikunjia uso. Kwa hiyo kila mjenzi alilazimika kutuonesha kila kitu, hata kile ambacho hakumwonesha ndugu yake wa damu. Na wajenzi wote, waliokuwa wakinyang'anyana wateja walewale, waliingia kwa mlango wetu uleule.

Chumba cha michoro kilikuwa changu. Hata sasa nikifumba macho naiona sakafu yake ya mbao na yale makabati yenye droo pana, na nasikia ile harufu ya dawa ya kuchapia nakala iliyotutoa machozi kutwa. Kila meza ilikuwa na kitambaa cha kijivu kilichokunjwa pembeni. Mtu akibisha hodi, awe nani, aliyekuwa karibu na mlango aliita, "Funika!" Hapo, hata kama ulikuwa katikati ya mstari, unageuza karatasi kifudifudi na kuvuta kitambaa juu yake. Kisha mgeni anaulizwa anatoka upande gani. Kama upande wake haukuhusika na meli iliyokuwa mezani, alisubiri kwenye korido, penye benchi la mbao.

Hakuna aliyesamehewa. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuketi kwenye benchi hilo siku yake ya kuzaliwa, keki iko mapajani, kwa sababu mezani palikuwa na meli ya kiwanda alichofanya kazi shemeji yake. Hakununa. Tulipomfungulia tulikuta sukari yote ya pembeni imeshalambwa.

"Mmenichelewesha," alisema. "Njaa haina cheo."

Mume wangu nilimpata humo humo. Yeye alisoma michoro, mimi niliitunza, na sote tulikuwa tumetia saini kwamba tulichokiona pale hakitatoka nje. Tulipooana hatukukitoa hata kwetu. Zilikuwepo meli zake ambazo hazikunihusu, na zilikuwepo droo zangu ambazo hazikumhusu. Jioni mezani tulizungumza juu ya bei ya nyanya, juu ya bomba la jirani, juu ya paka aliyejifanya wa kwetu. Jirani aliyetusikia dirishani akampelekea habari mama mkwe wangu: "Wale watoto hawapendani. Hawana la maana la kusemezana." Mama mkwe alifika siku ya pili, ana mfuko wa nguo za kulala, amekuja kutupatanisha. Alikaa nasi wiki nzima, na akaondoka akisema hajawahi kuona watu wanaopenda nyanya kiasi kile.

Sasa niseme habari za Mzee Shaba. Alikuwa mjenzi wa vivuko, mwenye kiwanda kidogo cha familia. Vumbi la kutu lilikuwa limezigeuza ndevu zake rangi, ndiyo maana tukamwita hivyo. Siku aliyokuja alikuwa ametia mchoro wake ndani ya foronya, ameukumbatia kama mtoto mwenye homa. Ulikuwa mchoro wa shetri, yaani sehemu ya nyuma ya kivuko, pale chini propela inapokaa. Wakati ule vivuko vya maji mafupi vilimsumbua kila mtu. Propela inakwaruza mchanga, inavuta matope, chombo kinatetemeka mpaka abiria wanashuka meno yakigongana. Mzee Shaba alihangaika na tatizo hilo tangu ujanani, akalikunja lile bati la chini kwa namna yake mwenyewe, na kivuko chake kikafika ufukweni kimya, kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala. Alilikunja namna gani, hata hapa sitaandika.

Alifika kwenye meza ya mume wangu, na foronya akaikatalia mkononi.

"Nikikupa hii nimekupa watoto wangu," alisema. "Wote wanakula humu."

"Na watakaopanda kivuko chako ni watoto wa watu," mume wangu akamjibu. "Siwezi kusema kiko salama kabla sijakiona."

"Ukishakiona?"

"Nitakuwa nimekiona. Basi. Huu mdomo wangu ni wa kulia chakula tu."

Mzee Shaba alicheka bila kutaka, akaiachia. Foronya ilikuwa chafu ya mafuta ya mashine. Niliichukua nyumbani, nikaifua, nikaipiga pasi. Aliporudi kuchukua cheti chake nikamrudishia mchoro ukiwa ndani ya foronya safi. Aliipapasa, kisha akasema, "Kumbe niliuacha kwa watu." Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko siku ile.

Mzee Shaba ametangulia mbele ya haki. Binti yake ndiye anayeongoza kiwanda sasa, na bado wanajenga vivuko vyenye shetri ile. Wachomeleaji, wapaka rangi, mama anayewapikia, wote wanategemea mkunjo ule mmoja wa bati.

Kidole aliletwa kwetu akiwa kijana, ametoka chuoni, kufundishwa ukaguzi. Tulimwita Kidole kwa sababu hakuweza kuusoma mchoro bila kuufuata kwa kidole, na kutwa mume wangu alimpigia kelele, "Toa kidole! Mistari haikimbii!" Lakini alimpenda. Alimfundisha kugonga bati na kusikiliza, na alimfundisha kukataa kutia saini hata mwenye meli akimkunjia ngumi. Shetri ya Mzee Shaba ilipoletwa, Kidole hakuwa amepangiwa kazi hiyo, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la korido na wenzake. Baadaye aliondoka, akapanda cheo, na sasa ni mkuu wa wachoraji katika kiwanda kipya kikubwa, kile chenye winchi zinazoonekana toka mbali.

Mwaka huu, aliposikia mwalimu wake anasahau, alianza kuja. Na alikuja vizuri. Alimkata mzee kucha bila kumwaibisha. Aliona bawaba ya mlango inalia, Jumamosi iliyofuata akaja na mafuta. Alijua kukaa upande wa kushoto, ambako sikio bado linasikia. Kila akifika alijitambulisha upya, bila kuchoka, kama vile ndiyo kwanza wanakutana. Na mume wangu, ambaye siku nyingine hushinda akitazama ukuta, alifunguka. Alisimulia meli, dhoruba, manahodha waongo. Alicheka mpaka akakohoa. Binti yetu alipiga simu wakati mmoja, akanyamaza katikati ya maneno yake.

"Mama, huyo anayecheka huko ni nani?"

"Ni baba yako."

Akalia. Nami nikalia upande wangu, tukawa tunasikilizana tukilia, salio linakatika.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia lile jambo, sikutaka kulisikia. Mjukuu wangu anakaa nasi, anasomea uuguzi, na macho yake ni makali.

"Bibi, simu ya mjomba Kidole inarekodi."

"Labda amesahau kuizima."

"Bibi, simu haijiwashi yenyewe ikaanza kusikiliza wazee." Alikuwa anaanua nguo, akaziweka begani. "Halafu mtazame. Babu akisimulia samaki, mjomba anatazama dirishani. Babu akitaja shetri, mjomba anasogeza kiti."

Nilimwambia aache kuwasema watu wazima vibaya. Lakini Jumamosi iliyofuata nilimtazama, na ilikuwa vilevile. Maswali yake yalizunguka, yakapita kwenye mabaharia na bandari za zamani, kisha yakarudi palepale: "Hivi Mzee, vile vivuko vya maji mafupi, bati la chini lilikuwa linaanzia wapi kuinuka?" Na mume wangu, ambaye hakumwambia mkewe wala mama yake mzazi, alikuwa anafungua mdomo kujibu. Bahati nzuri siku hiyo alichanganya akasimulia meli nyingine.

Wiki nzima nilizunguka na jambo hilo. Nikimfukuza Kidole, mume wangu anarudi kutazama ukuta. Nikimwacha, mume wangu atavunja neno alilolishika umri wake wote, na hatajua kwamba amelivunja. Hata kujuta hataweza. Binti wa Mzee Shaba ataamka siku moja na kukuta shetri ya baba yake inajengwa chini ya zile winchi kubwa. Sikupata jibu. Ndiyo sababu Jumamosi hiyo nilichemsha chai moyo mzito.

Kidole alifika asubuhi, ana mkate mkononi. "Shikamoo mama. Mzee ameamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ameamka anakagua sufuria. Moja imenyimwa cheti."

Alicheka, lakini hakunitazama machoni. Akaenda kukaa na mwalimu wake sebuleni, upande wa kushoto. Nilikuwa nakata mkate niliposikia karatasi ikikunjuliwa. Nikachungulia. Alikuwa ametandaza mezani karatasi kubwa nyeupe, akamtilia mzee penseli mkononi, na simu ameilaza kando.

"Nichoree tu, Mzee," alikuwa anasema kwa sauti ya upole. "Kwa maneno sikuelewa. Mimi si unanijua, mpaka nione."

"Wewe mzito," mume wangu akasema kwa furaha. "Toka zamani mzito. Tazama hapa."

Akachora. Mkono ule unaomwaga chai kila asubuhi ulitulia kabisa. Mstari wa mkuku ukapita chini, mrefu na safi. Akapandisha upande wa nyuma, akaweka duara la propela, akasimama kidogo, akasogeza penseli pale ambapo bati la Mzee Shaba linaanza kuinuka. Kidole alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia karatasi.

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Sikuwa nimepanga kusema lolote. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti yangu ya ofisini ambayo sikujua kama bado ninayo.

"Funika!"

Karatasi iligeuka kifudifudi. Nilichokiona sitakisahau: mikono iliyoigeuza ilikuwa ya watu wawili. Mume wangu alishika ncha moja, na Kidole alishika ncha ya pili, kwa wepesi uleule, kama tulivyofundishwa sote. Penseli ikabiringika ikaanguka. Kidole akabaki amelaza viganja juu ya karatasi, anailinda, na nikauona uso wake unabadilika polepole alipotambua kwamba mgeni aliyekuwa akifichwa mchoro huo ni yeye mwenyewe.

Mume wangu alikuwa ameketi wima. Alimtazama kwa macho ya mkaguzi, makavu, bila hasira.

"Kijana, unatoka upande gani?"

Kidole angeweza kusema lolote. Angeweza kusema ni mwanafunzi wake, na mzee angemwamini.

"Natoka upande wa nje, Mzee."

"Basi subiri kwenye korido."

Kidole akainuka, mtu mzima mwenye mvi, akachukua simu yake, akatoka kwa adabu, akaenda kusimama barazani. Hatuna korido nyumbani kwetu.

Nilimmiminia mzee chai, nikamwachia mjukuu wangu akae naye, nikaikunja ile karatasi na kutoka nayo. Kidole alikuwa ameegemea nguzo. Nilimletea kigoda, nami nikakaa kwenye ngazi.

"Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi, mama," alianza bila kuulizwa. "Kuna zabuni ya vivuko. Bosi alisema, mwalimu wako anaijua shetri ile, na siku hizi anasema chochote." Akafuta uso. "Anasema chochote. Walisema hivyo juu yake, na mimi nikaitikia."

"Kucha ulimkata kwa ajili ya shetri?"

Alinigeukia haraka. "Hapana! Mama, wallahi hapana. Nilianza kuja kabla. Nilikuja kwa sababu nilimkumbuka. Halafu nikasema kazini kwamba namtembelea, basi, hapo ndipo yalipoanzia."

Nilimwamini. Mtu hapaki mafuta bawaba ya watu kwa zabuni.

"Nilijiambia kila kitu ninachojua kimetoka kwake," akaendelea, "kwa hiyo na hii ni sehemu ya mafunzo. Ni urithi wangu."

"Alichokufundisha ni chako," nikamwambia. "Kugonga, kusikiliza, kukataa kutia saini, hivyo vilikuwa vyake na alikupa kwa mikono miwili. Vipeleke popote, wala usimwombe mtu ruhusa. Shetri si yake, mwanangu. Aliwekewa. Hawezi kukupa kitu cha kuwekewa, hata kama amesahau kwamba aliwekewa. Yeye akisahau, sisi tuliokuwa pamoja naye ndio tunaomkumbushia."

Akatoa simu mfukoni.

"Jumamosi zote zimo humu. Nifute?"

"Kuna shetri ndani?"

"Ipo, vipandevipande. Hajaimaliza hata mara moja, lakini mtu mwenye akili akiviunga..." Akasita. "Mama, hakuna shetri tu. Umo na wewe humu. Anasimulia siku mlipokutana."

Akabonyeza. Sauti ya mume wangu ikatoka, sauti yake ya zamani, imejaa, haitafuti maneno.

"...amevaa gauni la bluu, anachapa nakala, machozi yanamtiririka. Mimi nikadhani analia. Nikaogopa kumuuliza nani amemkosea. Nikampa leso yangu nikakimbia. Usiku sikulala. Nikasema, huyu nani anamliza? Kesho nitamtafuta mtu huyo. Na kwapani nilikuwa na mchoro wa Mzee Shaba, ile shetri, sasa kijana, pale bati linapoanza..."

Niliifunika simu kwa kiganja. Kidole akaizima.

Leso ile ninayo mpaka leo. Miaka yote nilidhani alinipa kwa sababu nilikuwa na wino usoni. Kumbe alidhani nalia, akakosa usingizi kwa ajili yangu, na hakuwahi kuniambia. Tena si kweli kwamba siku hiyo alikuwa na mchoro wa Mzee Shaba. Ule ulikuja baadaye sana, tulikuwa tumeshaoana. Lakini kichwani mwake mimi na ile shetri tumewekwa droo moja.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Bibi," alisema taratibu, "naweza kukata. Nakuachia kipande cha gauni, kingine nakitupa."

"Ili ukate itabidi usikilize yote."

"Nitasikiliza haraka."

"Ukisikiliza haraka utakuwa hujasikia?"

Nilitaka sana kuvunja amri siku hiyo, nawaambia ukweli. Sauti ile haitarudi tena. Hivi karibuni hata jina la dada yake hatalikumbuka. Lakini ndani ya sauti hiyo hiyo kulikuwa na mzee mwingine aliyekumbatia foronya, na mume wangu akimwambia, "Nitakuwa nimekiona. Basi." Nikimweka mume wangu kwenye simu akiwa anavunja neno lake, huyo ninayemhifadhi ni nani?

"Futa," nikamwambia Kidole. "Zote. Nione."

Alifuta. Lilikuwa jambo la muda mfupi, kama kuzima taa. Mjukuu wangu akanishika bega, na mkono wake ukabaki pale.

Karatasi tukaipeleka uani, kwenye jiko. Ofisini karatasi iliyoharibika tuliichoma nyuma ya jengo, na sharti watu wawili washuhudie mpaka iwe majivu. Nikamwambia Kidole asimame upande wa pili. Tulisimama wote wawili tukiangalia mkuku ule mzuri ukijikunja na kuwa mweusi. Alikoroga majivu kwa kijiti bila kuambiwa.

"Kazini nitawaambia nini?" akaniuliza.

"Waambie uliwekwa korido."

Akacheka kidogo, akajifuta macho akisingizia moshi. "Utamwambia binti wa Mzee Shaba?"

"Nimwambie nini? Hajaibiwa."

Akavuta pumzi. Alisema heri aende, hastahili kuingia tena, nikamwambia mgeni haondoki bila kuaga mwenye nyumba. Tukaingia. Mume wangu alikuwa anakula mkate, yale yote yameshamtoka. Alimtazama Kidole kwa uso mkunjufu.

"Karibu, karibu. Umekuja kujifunza kazi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umechelewa sana. Nywele zote hizo nyeupe!" Akamvutia kiti. "Lakini kaa. Akili haina mvi."

Kidole akakaa upande wa kushoto. Hakukuwa na simu mezani, hakukuwa na karatasi. Mume wangu hakuzungumza juu ya meli hata kidogo. Alisimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kuendesha baiskeli iliyokuwa ndefu kumzidi, akipitisha mguu chini ya fremu, na jinsi walivyoingia wote wawili kwenye bustani ya mwalimu mkuu wakavunja uzio. Mimi mwenyewe hadithi hiyo nilikuwa sijaisikia. Kidole alisikiliza, akauliza rangi ya baiskeli, akauliza kama baba yake alikasirika. "Alicheka," mume wangu akasema. "Alikuwa amelala katikati ya maua, anacheka." Na yeye mwenyewe akacheka mpaka nikamletea maji.

Jua lilikuwa limefika katikati Kidole alipoinuka kuaga. Mume wangu akamshika mkono wa shati, akawa hamwachii.

"Utakuja tena? Watu wa siku hizi hawaji. Huyu mama hapa ananitunza vizuri, lakini habari za baiskeli hazijui."

Kidole alinitazama mimi, anangoja.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "huenda Jumamosi ijayo nisiwe na kazi."

"Basi utakuwa na nafasi zaidi," nikamwambia. "Njoo mapema, mwanangu, tunywe chai pamoja."